Kubadilisha betri ya taa ya sola

Kubadilisha betri ya taa ya sola ni kazi ya kuondoa betri iliyochoka ndani ya taa inayochajiwa kwa mwanga wa jua na kuweka nyingine ya aina ileile ili taa iendelee kutumika. Katika taa ya namna hii betri ndiyo sehemu inayochoka mapema. Paneli iliyotengenezwa vizuri inaweza kufanya kazi kwa miaka mingi, na balbu za LED huwaka kwa maelfu ya saa, lakini betri huanza kupungua nguvu baada ya miaka michache. Kwa hiyo taa nyingi zinazotupwa kwa kudhaniwa kuwa zimekufa bado ni nzima, isipokuwa betri.

Kufungua taa na kuunganisha nyaya si kazi ngumu. Jambo linalohitaji uangalifu ni uchaguzi wa betri mpya. Ndani ya kila taa kuna saketi iliyopangwa kuchaji aina moja ya betri hadi kiwango fulani cha volti. Betri ya aina nyingine, hata ikiwa inaenea vizuri mahali pa ile ya zamani, inaweza kufa upesi, kuvimba au hata kushika moto. Aidha, betri kuukuu ina kemikali zinazodhuru watu, udongo na maji, hivyo namna ya kuitupa ni sehemu ya kazi yenyewe.

Taa za sola mkoani Kagera

Mkoa wa Kagera uko kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria. Mji wa Bukoba, wenye kata kama Nshambya, Hamugembe, Kashai na Rwamishenye, hupata umeme wa TANESCO. Kwa miaka mingi umeme wa sehemu kubwa ya mkoa ulinunuliwa kutoka Uganda na kupokelewa katika kituo cha Kyaka, wilayani Missenyi. Vijijini umeme umesambazwa hasa kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Hata hivyo nyumba zilizo mbali na nguzo, pamoja na kambi za wavuvi katika visiwa vya wilaya ya Muleba, hutegemea sola. Mjini nako watu wengi huweka taa ya sola kama akiba ya siku umeme unapokatika.

Kabla ya taa hizi, mwanga wa usiku ulitokana na kibatari, taa ya chemli na karabai, ambazo zote hutumia mafuta ya taa. Moshi wa kibatari hudhuru mapafu na macho, na kibatari kikianguka huweza kuunguza nyumba. Mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, na bei yake ikapanda. Wavuvi wa dagaa, ambao huvua usiku wa giza kwa kuwavuta dagaa kwa mwanga, walitumia karabai kwa miaka mingi. Sasa taa za LED zenye betri zimechukua nafasi yake katika sehemu nyingi za ziwa.

Hali ya hewa ya Kagera ina uhusiano na uhai wa betri. Bukoba ni mojawapo ya miji yenye mvua nyingi nchini Tanzania, takriban milimita 2000 kwa mwaka, na wakati wa masika mawingu yanaweza kufunika jua kwa siku kadhaa mfululizo. Katika siku hizo betri hutumika usiku bila kujazwa mchana. Betri inayokaa muda mrefu ikiwa na chaji kidogo huchakaa haraka kuliko inayojazwa kila siku, hasa ikiwa ni ya risasi.

Sehemu za taa ya sola

Taa ndogo ya sola ina sehemu nne zinazofanya kazi pamoja:

- Paneli, ambayo hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme.
- Bodi ya saketi, ambayo hupokea umeme wa paneli, huchaji betri, na hukata chaji betri inapojaa au mwanga inapokaribia kwisha.
- Betri, ambayo hutunza umeme wa mchana kwa ajili ya usiku.
- Balbu za LED pamoja na swichi yake. Taa nyingine zina pia tundu la kuchajia simu.

Bodi ya saketi haina njia ya kutambua betri iliyowekwa na fundi. Hufuata volti tu. Ikiwa ilitengenezwa kukata chaji kwenye volti 3.65, itakata hapo hata kama betri mpya ilihitaji zaidi. Na ikiwa ilitengenezwa kukata kwenye volti 4.2, itaendelea kusukuma umeme hadi hapo hata kama betri mpya ilishajaa zamani. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kulinganisha aina ya betri kabla ya jambo lingine lolote.

Aina za betri

Betri zinazochajika zina historia ndefu. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi mwaka 1859. Msweden Waldemar Jungner alivumbua betri ya nikeli-kadimiamu mwaka 1899. Betri ya lithiamu-ioni iliingizwa sokoni na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991, na wanasayansi watatu waliofungua njia yake, John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Aina zinazopatikana ndani ya taa za sola ni hizi zifuatazo.

Betri ya risasi ina tindikali (asidi ya salfuriki) na bamba za risasi. Kila seli hutoa volti 2, kwa hiyo betri ya volti 4 ina seli mbili, ya volti 6 ina tatu, na ya volti 12 ina sita. Ni nzito na ya bei nafuu. Hutumika katika tochi kubwa za kuchaji, katika taa za zamani na katika mitambo ya sola ya nyumbani. Huharibika upesi ikiachwa bila chaji.

Betri ya nikeli-kadimiamu (NiCd) na ya nikeli-metali haidridi (NiMH) hutoa volti 1.2 kwa kila seli. Zinafanana kwa umbo na betri za kawaida za redio, na mara nyingi seli tatu hufungwa pamoja kupata volti 3.6. Kadimiamu ni sumu, na Umoja wa Ulaya umezuia matumizi yake katika betri ndogo za vifaa vingi.

Betri ya lithiamu-ioni ya kawaida (Li-ion) hutoa volti 3.6 au 3.7 na huchajiwa hadi volti 4.2. Ni nyepesi na hubeba umeme mwingi, lakini ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi kwa sababu inaweza kuwaka ikijazwa kupita kiasi, ikitobolewa au nyaya zake zikigusana.

Betri ya lithiamu-fosfati ya chuma (LiFePO4, pia LFP) hutoa volti 3.2 na huchajiwa hadi takriban volti 3.65. Hubeba umeme pungufu kuliko Li-ion ya ukubwa uleule, lakini ni tulivu zaidi katika joto na inaweza kuchajiwa mara 2000 au zaidi, wakati Li-ion nyingi hufikia mara mia kadhaa. Kwa sababu hiyo taa nyingi bora za miaka ya karibuni hutumia aina hii.

Dalili za betri iliyochoka

Betri huhesabiwa kuwa imechoka inapobaki na sehemu ndogo tu ya uwezo wake wa awali. Dalili zake ni hizi:

- Taa inachajiwa jua la siku nzima lakini huzima baada ya muda mfupi.
- Alama ya kujaa huwaka mapema sana, kisha mwanga hufifia upesi.
- Taa huwaka ikiwa imeunganishwa na paneli juani, lakini huzima mara paneli inapochomolewa.
- Betri imevimba, inavuja, ina ukungu mweupe au wa kijani kwenye ncha zake, au hupata moto inapochajiwa.

Hesabu rahisi huonyesha kinachotokea. Betri ya volti 3.2 yenye uwezo wa miliampea-saa 1500 (mAh) hutunza wati-saa 4.8, kwa sababu 3.2 × 1.5 = 4.8. Taa inayotumia wati 0.8 itawaka kwa saa 6. Uwezo wa betri ukishuka hadi mAh 500, umeme unaotunzwa ni wati-saa 1.6 tu, nayo taa itawaka saa 2. Mwanafunzi aliyezoea kusoma kuanzia saa 1 jioni hadi saa 4 usiku atakosa saa nzima ya mwisho, ingawa jua halikupungua na paneli haikuharibika.

Kabla ya kununua betri ni vizuri kuhakikisha kwamba tatizo haliko kwingine. Paneli yenye vumbi au iliyofunikwa na kivuli cha migomba haichaji vizuri. Waya wa paneli huliwa na panya au hukatika ndani karibu na plagi. Swichi hushika kutu. Fundi mwenye multimita hupima volti za paneli juani, kisha volti za betri. Paneli ikitoa volti zake za kawaida na betri ikawa haipandi baada ya saa kadhaa za chaji, kosa liko kwenye betri au bodi.

Kuchagua betri mpya

Maelezo ya betri huandikwa juu ya ganda lake. Mambo manne huangaliwa kwa mpangilio huu.

Kwanza, aina. Maandishi kama LiFePO4, Li-ion, NiMH au Pb hutaja kemikali. Kama maandishi yamefutika, volti husaidia: 3.2 ni LiFePO4, 3.7 ni Li-ion, 4 au 6 kwa kawaida ni risasi. Volti 3.6 huhitaji tahadhari, kwa kuwa inaweza kuwa seli moja ya Li-ion au seli tatu za NiMH. Chaja ya NiMH inaweza kusukuma seli hizo tatu hadi kupita volti 4.2, na betri ya Li-ion ikiwekwa mahali pake itajazwa kupita kiasi. Namba inayofanana kwenye ganda haitoshi kuthibitisha kwamba betri mbili zinabadilishana.

Pili, volti. Betri mpya iwe na volti zilezile za ile ya zamani.

Tatu, umbo. Seli nyingi za mviringo hutajwa kwa namba tano. Seli ya 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ya 26650 ina kipenyo cha milimita 26 na urefu uleule. Seli kubwa isilazimishwe kwenye nafasi ndogo.

Nne, uwezo. Uwezo unaolingana au uliozidi kidogo unafaa. Uwezo mkubwa kupita kiasi hauna faida, kwa sababu paneli ndogo haiwezi kuujaza. Paneli ya wati 1 ikipata saa 5 za jua kali hutoa takriban wati-saa 5, na sehemu ya umeme huo hupotea njiani. Betri ya wati-saa 19 ikiunganishwa na paneli hiyo haitajaa kamwe kwa siku moja, na taa haitawaka muda mrefu kuliko jua lilivyoruhusu.

Sokoni kuna betri zenye maandishi ya uongo. Seli halisi ya 18650 kwa kawaida haizidi takriban mAh 3600. Seli ya ukubwa huo iliyoandikwa 6000 au 9900 haiwezi kuwa na uwezo huo. Uzito pia ni kipimo kizuri: seli nzima ya Li-ion ya 18650 ina takriban gramu 45, na iliyo nyepesi mno mara nyingi ina kitu kidogo ndani yake. Seli zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu hutumiwa na mafundi wengi. Zinaweza kufaa katika taa iliyotengenezwa kwa Li-ion, lakini zipimwe kwanza, na hazifai kabisa mahali pa LiFePO4.

Vifaa vinavyohitajika

Kazi hii huhitaji bisibisi inayolingana na skrubu za taa, multimita, mkasi au koleo la kukatia waya, tepu ya umeme, na kitambaa kikavu. Kifaa cha kulehemu huhitajika tu kama betri haina plagi. Pahala pa kazi pawe pakavu, pasiwe na vitu vinavyoshika moto haraka, na mbali na watoto. Pete na saa ya chuma zivuliwe, kwa sababu chuma kikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja huleta cheche na joto kali.

Hatua za kubadilisha

1. Taa iwashwe mpaka ififie, kisha izimwe na paneli ichomolewe. Betri yenye chaji kidogo ina madhara madogo zaidi ikitokea ajali.

2. Skrubu zifunguliwe na kuwekwa katika kisahani. Katika taa nyingine skrubu hufichwa chini ya vipira vya miguu au chini ya lebo. Kisu kisitumike kupenyeza ndani, kwani kinaweza kutoboa betri.

3. Picha ipigwe kwa simu, au mchoro uchorwe, kuonyesha kila waya ulipokuwa. Rangi nyekundu kwa kawaida ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini uhakika hupatikana kwenye alama za + na − zilizo kwenye bodi.

4. Maandishi ya betri yasomwe na volti zipimwe. Betri iliyovimba isibonyezwe wala kupindwa.

5. Betri ya zamani itolewe. Penye plagi, plagi ndiyo ivutwe, si waya. Pasipo na plagi, waya mmoja ukatwe na ncha yake ifungwe tepu kabla ya kukata wa pili. Kukata nyaya zote mbili kwa mkato mmoja hugusanisha chanya na hasi.

6. Betri mpya ipimwe na multimita ili kuthibitisha volti na upande wa chanya. Plagi za betri zinazouzwa madukani hufanana kwa umbo lakini si zote zenye mpangilio mmoja wa nyaya. Nyingine huwa zimegeuzwa. Betri ikiunganishwa kinyume inaweza kuunguza bodi mara moja.

7. Betri iunganishwe. Kama kulehemu kunahitajika, itumike betri iliyokuja na nyaya au vibati vyake. Kulehemu moja kwa moja juu ya mwili wa seli ya lithiamu huingiza joto ndani na kuiharibu.

8. Betri ikazwe mahali pake isichezecheze, na skrubu au ncha ya plastiki isiikandamize. Sehemu zote zilizo wazi zifungwe tepu.

9. Taa ijaribiwe kabla ya kufungwa. Baadhi ya bodi hukaa kimya baada ya kukatiwa betri na huamka paneli inapounganishwa juani kwa dakika chache.

10. Taa ifungwe, na kipira cha kuzuia maji kirudishwe mahali pake. Chaji ya kwanza ifanyike mtu akiwa karibu. Betri ikipata moto, ikivimba au ikitoa harufu kali, paneli ichomolewe na taa iwekwe nje.

Taa ambayo bado iko ndani ya muda wa dhamana irudishwe kwa muuzaji kabla ya kufunguliwa, kwa sababu kuifungua huweza kufuta dhamana. Vivyo hivyo mitambo ya sola inayolipiwa kidogokidogo kwa simu: kabla deni halijaisha, matengenezo hufanywa kwa kufuata mkataba wa kampuni.

Makosa yanayotokea mara kwa mara

Kosa la kawaida ni kuweka Li-ion ya volti 3.7 katika taa ya LiFePO4 kwa sababu ndiyo inayopatikana dukani. Saketi hukata chaji kwenye volti 3.65, kiwango ambacho Li-ion bado haijafika hata nusu ya uwezo wake. Mwenye taa huona betri mpya inaisha haraka na hudhani ameuziwa mbovu. Kosa la kinyume ni baya zaidi: LiFePO4 ikiwekwa mahali pa Li-ion husukumwa kuelekea volti 4.2, hupata moto na kuvimba.

Kosa lingine ni kuchanganya seli mpya na kuukuu katika fungu moja. Seli dhaifu hujaa na kuisha kabla ya wenzake, hivyo huharibika na kuziburuta nyingine. Fungu lote hubadilishwa kwa pamoja.

La tatu ni kuistua betri ya lithiamu iliyokufa kwa muda mrefu kwa kuiunganisha na betri ya pikipiki au gari. Seli ya lithiamu iliyoshuka chini sana, kwa mfano chini ya volti 2, huwa imeharibika ndani, na ikilazimishwa chaji inaweza kuwaka saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamelala.

Betri ya lithiamu ikishika moto, watu waondoke karibu na moshi wake, kwa kuwa una gesi zenye sumu. Ikiwa inawezekana kwa usalama, kifaa kisukumwe nje kwenye udongo mtupu. Maji mengi husaidia kupoza betri ndogo ili moto usienee.

Kanuni hiyo katika vifaa vingine

Utaratibu huu hufaa kwa redio, tochi, simu za zamani, mabomba ya betri ya kupulizia dawa mashambani, na vifaa vya nyumbani vinavyojiendesha. Mfano wa mwisho ni roboti ya kufyonza vumbi, mashine ya duara inayozunguka yenyewe sakafuni na kurudi kwenye chaja yake. Roboti maarufu ya aina hiyo, Roomba, ilitolewa na kampuni ya iRobot ya Marekani mwaka 2002. Roomba nyingi za mwanzo zilitumia betri ya NiMH ya volti 14.4, yaani seli 12 za volti 1.2. Baadaye zilikuja za Li-ion, ambazo kwa seli 4 za volti 3.6 hufikia volti 14.4 zilezile. Mafungu haya mawili yana namba moja lakini huchajiwa kwa namna tofauti. Fungu la lithiamu linalouzwa kwa ajili ya mashine iliyokuwa na NiMH huwa na bodi yake ya ulinzi ndani, na mnunuzi hutakiwa kuhakikisha kwamba limetengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo. Baada ya hapo kazi ni ileile: mashine huzimwa, hugeuzwa, skrubu hufunguliwa, fungu la zamani hutolewa na jipya huwekwa.

Kutunza betri mpya

Joto hufupisha uhai wa betri. Inafaa paneli iwe juani na taa yenyewe kivulini. Taa isiachwe juu ya bati la paa mchana kutwa. Katika taa ambazo paneli na betri viko pamoja, uwekwe mahali penye hewa. Paneli ifutwe vumbi, na ihamishwe pale kivuli cha migomba au mkungu wa mti kinapoifikia.

Wakati wa mvua nyingi mwanga hafifu hutumika kuliko mkali, ili betri isimalizike kila usiku. Taa ambayo haitatumika kwa wiki nyingi, kwa mfano shule inapofungwa, ihifadhiwe ikiwa na chaji ya kutosha na izimwe kabisa, kisha ichajiwe tena angalau kila baada ya miezi michache. Betri ya risasi ihifadhiwe ikiwa imejaa.

Betri kuukuu na mazingira

Katika sehemu nyingi za Kagera taka za jikoni na majani hurudishwa kwenye kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ili kurutubisha udongo. Desturi hii ni nzuri kwa maganda na mabaki ya chakula, lakini betri ikifuata njia hiyo hubaki mahali pale chakula cha familia kinapoota. Ganda lake huoza, na risasi au kadimiamu huingia katika udongo. Betri iliyotupwa ziwani au bondeni huelekea kwenye maji yanayotumiwa na watu na samaki.

Risasi hudhuru hasa ubongo wa watoto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Katika Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kutokana na sumu ya risasi iliyotokana na uchambuaji wa betri kuukuu. Nchini Kenya, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa walidhurika na kiwanda kilichoyeyusha betri za risasi. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza madai yao, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliagiza wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ingawa kesi iliendelea katika mahakama za juu. Kwa sababu hizo, kuvunja betri nyumbani, kumwaga tindikali yake chini, au kuyeyusha risasi yake kwenye jiko ili kutengeneza vizito vya nyavu ni hatari kwa watu wote wa nyumba hiyo.

Nchini Tanzania taka hatarishi husimamiwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Betri kubwa za risasi zina soko, kwa kuwa risasi yake hurejelezwa viwandani; zikabidhiwe nzima kwa mnunuzi mwenye kibali. Betri ndogo za lithiamu na nikeli hazina soko kubwa, na hapo mwenye taa ana kazi ya ziada. Ncha zake hufungwa tepu, betri huwekwa katika chombo kikavu cha plastiki chenye kifuniko, mbali na moto na watoto, na hupelekwa kwa muuzaji au fundi anayekusanya betri. Hazichomwi pamoja na takataka, kwa sababu betri ya lithiamu hulipuka motoni. Iliyovimba haikai ndani ya nyumba. Huwekwa nje katika chombo chenye mchanga, pasipofikiwa na mvua, mpaka ipelekwe.